Daftari la Michango

Baba analiweka daftari lile ndani ya sanduku la mbao, pamoja na hati ya shamba la mikarafuu na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ni kaunta buku ya jalada jeusi lililoliwa na mende pembeni. Alikuwa mweka hazina wa kamati ya skuli ya kijiji chetu, kaskazini ya Pemba, tangu mwaka 1996. Kila ukurasa aliupiga mistari kwa rula, akaugawa safu nne: jina la mzazi, watoto, fedha, vyenginevyo.

Safu ya nne ndiyo niliyoipenda. Humo mna nazi ishirini, siku mbili za kuchota mchanga, ukili pima kumi, punda kwa siku moja. Mzee mmoja ameandikiwa "chai ya mafundi". Huyo hakuwa na mtoto wala mjukuu pale skuli, ila alikuwa na mkahawa mbele yake.

Nililiomba daftari hilo mwaka jana, niliporudi kwenye kikao cha wazazi. Mimi si mzazi. Nilikwenda kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, ambaye mama yake anafanya kazi za ndani Maskati na hulea kwa ujumbe wa sauti. Kikao kilipangwa saa tatu asubuhi. Mwalimu mkuu alizungumza, mgeni kutoka wilayani akazungumza, tukaulizwa kama kuna swali. Kimya. Tukatia saini karatasi ya mahudhurio, tukapewa kipeperushi kinachosema ushiriki wa wazazi ni nguzo ya elimu bora. Nilimsomea baba. Alicheka.

"Kushiriki nini, mwanangu? Mmeulizwa nini?"

Ndipo nilipoanza kuuliza mimi: huku kwetu mzazi aliwahi kuulizwa lini?

Bibi yangu hakukanyaga skuli hata siku moja, lakini alikuwa amehitimu msahafu, na barua zake kwa ndugu zake wa Mombasa aliziandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alisoma chuoni. Kwetu Zanzibar neno chuo, kabla halijawa la watu wenye majoho na kofia za pembe, lilikuwa la watoto waliokaa mkekani na vibao vyao mbele ya mwalimu wa Kurani. Baba yake alimpeleka kwa mkono wake, wakakubaliana na mwalimu: pesa ya Alhamisi, kuni, maji, na siku za kupalilia konde la mwalimu. Hapakuwa na sheria wala ofisa. Mzazi asiporidhika, alimhamishia mwanawe chuo cha kitongoji cha pili, na kijiji kizima kikajua kwa nini.

Simsifii mwalimu wa chuo bure. Bibi alikuwa na kovu la bakora nyuma ya mkono, akilionyesha kama mtu anavyoonyesha saa. Mapatano yale yalikuwa baina ya watu wazima wawili. Mtoto hakuwamo.

Skuli za Kizungu zilikuja Pemba kupitia watu wengine kabisa. Mwaka 1897, baada ya amri ya Sultani ya mwezi wa Aprili iliyoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, Makweka wa Uingereza walianzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt. Walifundisha walioachwa huru na watoto wao. Wazazi Waislamu wa vijiji vya jirani waliitazama kwa mbali. Mimi huwafikiria zaidi wale wa ndani: watu ambao miaka michache nyuma hawakuwa na kauli hata juu ya miili yao, sasa wanaamua mtoto aende kusoma au asiende. Hakuna aliyeandika kama walifurahia uamuzi huo, au kama waliona wamepata bwana mwengine mwenye ubao na chaki.

Serikali ilifuata. Sultani Ali bin Hamud, aliyesomeshwa Harrow, alianzisha darasa la watoto wa kifalme Unguja mwaka 1905, na mwaka 1907 ikaundwa Idara ya Elimu chini ya Mwingereza Rivers-Smith. Idara ilipotaka kufungua skuli mashamba, ikiwemo Pemba, ikakuta madawati yamejaa hewa. Wazazi hawakuleta watoto. Mtafiti wa Kijerumani Roman Loimeier, aliyeandika kitabu kizima juu ya elimu ya Kiislamu Zanzibar katika karne ya ishirini, anaeleza mvutano huo kwa urefu. Rivers-Smith alitaka Kiswahili kisomeshwe kwa herufi za Kirumi. Mzazi wa shamba aliona herufi hizo hazimfikishi mwanawe kwenye msahafu, na saa anazokaa skuli ni saa anazokosa chuoni. Karafuu nazo zikiiva, hata waliokuja walitoweka. Wakoloni waliona huo ni ukaidi wa watu wasiojua faida ya elimu.

Lakini watu wale walikuwa wakisomesha watoto wao siku zote. Walichokataa ni biashara ambayo hawakupangiwa bei nayo. Hapakuwa na kamati wala kikao, na hakuna aliyetia saini mahudhurio. Walibaki na watoto wao nyumbani tu. Na serikali ndiyo iliyosogea: hatua kwa hatua Kurani ikaingizwa katika ratiba ya skuli za vijijini, walimu wa chuo wakaajiriwa, na watoto wakaanza kuonekana. Nikisoma kipeperushi changu naona jambo hilo halimo katika orodha ya njia za kushiriki. Sishangai. Hakuna wizara itakayomwandikia mzazi kwamba njia iliyowahi kufanya kazi kuliko zote hapa kisiwani ni kutokuja.

Kisha ikaja 1964. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari, na tarehe 23 Septemba mwaka huo huo ikatangazwa elimu bila malipo. Siku hiyo husherehekewa hadi leo, na kwa haki. Baba alizaliwa mwaka 1957 katika nyumba ya udongo yenye watoto saba. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1965, na shangazi zangu wawili wakafuata. Bibi, ambaye kwa siasa za wakati ule hakuwa na mengi ya kuisifu serikali, kwa hili alikuwa akinyamaza. Kwake yeye kunyamaza ni sifa.

Ila mzazi naye alipotea. Skuli zote zilitaifishwa, za jumuiya za Wahindi, za misheni, zote. Mtoto akawa wa Taifa. Karafuu zilipoiva, wanafunzi walitolewa madarasani kwenda kuchuma, na safari hii hakuwa mzazi aliyewatoa. Baba anakumbuka kambi hizo kwa furaha ya ajabu, nyimbo na ugali wa moshi. Bibi alikumbuka kwamba hakuulizwa.

Mwaka 1982 ikaja Sheria ya Elimu, nambari 6 ya mwaka huo. Iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, miaka kumi. Nimeisoma nikimtafuta mzazi, nikamkuta amesimama karibu na mlango: ni mtu wa kumpeleka mtoto, na wa kuulizwa asipompeleka. Ana wajibu, lakini kauli ni vigumu kuiona. Kwa miaka ile labda hapakuwa na njia nyengine. Watoto wa kike wa rika la mama yangu waliokolewa na neno lile "lazima", pale baba zao walipokuwa na posa mkononi. Mama ni mmoja wao.

Mambo yaligeuka Pemba ilipofilisika. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe, na bei ikaporomoka. Watu waliacha kupalilia, na waliochuma wengine walivusha kwa magendo usiku kwenda Mombasa. Sera ya elimu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja na neno jipya: kuchangia. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 na mzozo wake, wafadhili wengi wakaizuia misaada yao kwa Zanzibar. Wazungu hawakutoa, serikali ikawa haina, karafuu hailipi. Nani alibaki? Ndiyo maana daftari la baba linaanzia 1996.

Utaratibu ulikuwa huu, na kila Mpemba wa umri wangu anaujua. Kijiji kinasimamisha boma. Watu wanavunja mawe, wanachota mchanga, wanafyatua matofali, wanapandisha kuta hadi kwenye linta. Hapo wanasimama. Serikali inakuja kuezeka na kumalizia. Ikija. Boma letu la kwanza lilisimama masika mawili bila bati, mbuzi wakazaa ndani yake, ukuta mmoja ukalala. Tuliujenga tena. Katika daftari ni mistari ile ile ya majina, mawe yale yale, mara ya pili.

Na fedha zilitoka wapi? Safu ya tatu inaonyesha kitu ambacho baba mwenyewe hakukiona mpaka nilipomwonyesha. Kurasa za mwanzo mna majina ya wanaume. Kufikia 1999 zaidi ya nusu ni ya wanawake. Mwani ndio uliofanya hivyo. Ukulima wa mwani uliingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaume wakaudharau kwa sababu ya bei, wanawake wakauchukua. Mama yangu alikuwa akirudi kutoka pwani vidole vimekunjamana kama vya mtu mzee, anaweka kanga ikauke, na jioni anampa baba mchango wa watoto wake wanne, akisubiri auone ukiandikwa.

Wanawake hao ndio walioanza kuuliza. Kwenye kikao kimoja walitaka hesabu ya chaki. Baba alidhani ni mzaha. Mmoja akasema amelipia chaki mara mbili na mwanawe anarudi nyumbani daftari tupu kwa sababu ubaoni hakuna kilichoandikwa. Kikao kiliahirishwa mpaka risiti zikaja. Baadaye wakataka jambo jengine, kubwa zaidi kwa macho yangu: vikao visipangwe siku za bamvua. Wasiotoka pwani niwaeleze. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hutoka sana, na kwetu huwa yametoka kabisa asubuhi, kiasi cha saa nne. Hizo ndizo siku za kufunga na kuvuna mwani. Kikao cha saa tatu asubuhi ya bamvua ni kikao cha wanaume na walimu. Kamati ilikubali, kwa sababu bila wanawake wale hapakuwa na fedha. Kuanzia hapo, pembeni mwa kila tarehe ya kikao, baba ameandika kwa herufi ndogo: maji mafu.

Ningeweza kuishia hapo, iwe hadithi nzuri ya kijiji kilichojenga skuli yake. Lakini daftari lina alama za msalaba pia.

Msalaba maana yake hajalipa. Neno lenyewe, mchango, ni la hiari. Kwenye mstari wa asubuhi halikuwa la hiari. Mweka hazina alipeleka orodha, orodha ikasomwa, watoto waliotajwa wakatoka kwenye mstari na mikoba yao ya kitambaa. Msichana niliyekuwa nikikaa naye, sakafuni maana madawati hayakuwepo, alitajwa tulipokuwa darasa la sita. Mama yake alikuwa mjane asiyelima mwani kwa sababu ya kifua. Alikuwa akisuka. Katika safu ya nne ameandikwa "ukili pima 12". Katika safu ya tatu, msalaba, msalaba, msalaba. Muhula ule kamati ilitaka fedha taslimu, ukili haukuhesabiwa. Rafiki yangu alitoka kwenye mstari akaniachia kalamu yangu ya risasi aliyokuwa ameiazima. Hakurudi.

Mbele ya msalaba wa tatu kuna maandishi ya wino tofauti: "nimelipa mimi". Ni ya baba. Tarehe yake ni wiki tisa baada ya siku ile.

Nilimuuliza kwa nini wiki tisa. Alikaa muda mrefu akilitazama jalada. Akasema, "Nilikuwa mweka hazina. Ningemlipia mmoja, ningewaambia nini wengine?" Kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyeandika."

Kurasa chache mbele kuna ukurasa mtupu, umepigwa mistari lakini hauna jina. Ni Februari 2001. Mwisho wa Januari watu walipigwa risasi katika maandamano, Pemba ilipoteza watu, na wengine wakapanda ngalawa kukimbilia Shimoni, Kenya. Hakuna aliyekuja kuchangia. Machi majina yanaanza tena, machache.

Baada ya hapo sera zilianza kuzungumza lugha ya baba. Sera ya Elimu ya 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima na ikazungumzia jamii kushiriki katika uendeshaji wa skuli. Kwa upande wa watoto wadogo, hilo halikuwa geni. Mpango wa madrasa za awali, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said na msaada wa Aga Khan Foundation, ulikuwa umefika Zanzibar tangu 1990. Vijiji vilitoa jengo na kuunda kamati, na walimu walikuwa wanawake wa pale pale waliopewa mafunzo. Ulikwenda mahali ambapo Rivers-Smith alishindwa kwenda: mlangoni mwa chuo.

Mwaka 2015, serikali ya Rais Ali Mohamed Shein ikafuta michango ya wazazi katika skuli za msingi. Baba alipiga mstari chini ya jina la mwisho, akatia saini, akaandika "mwisho". Sherehe haikuwepo, ila mama aliniambia usiku ule baba alilala mapema na hakukoroma.

Na sasa yanajengwa maghorofa. Chini ya Rais Hussein Mwinyi skuli za ghorofa zimeinuka Unguja na Pemba, mikondo miwili ya asubuhi na mchana inapunguzwa, watoto wanakaa kwenye viti. Skuli ya mtoto wa dada yangu ina maabara. Ilipokuwa ikijengwa, baba alikuwa akienda kusimama nje ya uzio wa mabati wa mkandarasi, mikono nyuma. Siku moja mlinzi alimuuliza anatafuta nani. Alipotuhadithia, mama alicheka mpaka akatokwa na machozi. Baba hakucheka. Lakini hakuwahi kusema kwamba boma letu lilikuwa bora. Halikuwa. Lilivuja.

Kwenye kikao kile cha mwaka jana, mlango ulifunguliwa katikati ya hotuba, akaingia mwanamke na kanga iliyolowa mpaka magotini, akakaa nyuma. Ni yule rafiki yangu wa darasa la sita. Ana watoto watatu pale, na mwani anaulima yeye, kwa kifua chake kizima. Tulitoka pamoja. Nilimweleza habari za daftari, nikaanza kumwambia kwamba zamani angalau watu walikuwa wakiuliza, walikuwa na nguvu. Aliniacha nimalize.

"Siku hizi hawasomi majina," akasema. "Mwanangu hatoki kwenye mstari. Mimi nimeridhika, shoga yangu."

Tukatembea kidogo. Halafu akaongeza kwamba angependa kujua kwa nini mkubwa wake ana miezi miwili hana mwalimu wa hesabu, na kwamba angeuliza, ila alipofika maswali yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa bamvua.

Wiki iliyopita ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kikao Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, mahudhurio ni lazima. Nilimsomea baba. Aliuliza leo mwezi ngapi, akahesabu kwa vidole, akafika Jumamosi akasimama. Mwezi kumi na tano. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Nikaandika kwenye kundi: "Asalaam alaikum. Jumamosi ni bamvua, kina mama wengi watakuwa pwani. Tunaomba kikao kisogezwe hadi maji mafu." Kundi lina watu sitini na mmoja. Mpaka ninapoandika haya, hamsini na tatu wameshausoma.